Chama kinapohama ofisi, daftari la mkulima lisipotee njiani

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari lenyewe limehamia ndani ya kompyuta. Deni la mbolea, kilo za korosho au pamba zilizopimwa, hisa za mwanachama, akiba yake na namba ya akaunti yake ya benki, vyote viko kwenye mashine iliyo mezani kwa karani. Mashine hiyo ikihamishwa ovyo, anayepata hasara si karani.

Nasema haya kwa sababu vyama vya msingi vya ushirika, SACCOS, maduka ya pembejeo na kampuni za kununua mazao huhama ofisi mara kwa mara. Wengine mkataba wao wa pango umekwisha, wengine wamejenga jengo lao, na wengine wanaifuata barabara ya lami au stendi mpya. Kuhama si kosa, na mara nyingi ni dalili ya kukua.

Tatizo ni kwamba mipango mingi ya kuhama huishia kwenye kukodi fuso, kutafuta vibarua na kupaka rangi jengo jipya. Kompyuta hukumbukwa asubuhi ya siku yenyewe, pale kijana mmoja anapoambiwa azime mashine, achomoe nyaya na kupakia. Wiki inayofuata mkulima anafika na stakabadhi yake mkononi, anaambiwa mfumo haujarudi, aje Jumatatu. Jumatatu anaambiwa aje Alhamisi.

Hoja yangu katika makala haya ni moja. Taasisi inayoshika fedha na kumbukumbu za wakulima ipange tarehe ya kuhamisha kompyuta zake kwa kufuata kalenda ya msimu, si kalenda ya mwenye nyumba. Na mpango huo upitishwe na wanachama wenyewe, kwa kuwa wao ndio wanaolipa unapokwenda mrama.

Gharama isiyoonekana vitabuni

Tuchukue mfano wa hesabu. Chama chenye wanachama 400 kinahama kutoka chumba cha kupanga kwenda jengo lenye kodi nafuu zaidi. Kwa kuhama huko kinaokoa shilingi 150,000 kila mwezi, yaani shilingi 1,800,000 kwa mwaka. Bodi inapongezwa, na ni haki yake.

Sasa tuseme kompyuta zinachelewa kuwaka kwa wiki tatu katikati ya malipo. Orodha ya malipo haiwezi kwenda benki. Nusu ya wanachama, yaani watu 200, wana ada ya shule, mgonjwa au kibarua anayedai, hivyo kila mmoja anakopa shilingi 100,000 kwa mkopeshaji wa mtaani kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Kila mmoja atalipa riba ya shilingi 20,000. Jumla ni shilingi 4,000,000.

Kwa maneno mengine, wanachama wametoa zaidi ya mara mbili ya kodi ambayo chama chao kiliokoa kwa mwaka mzima. Lakini mkaguzi akifungua vitabu hataiona hiyo shilingi 4,000,000 popote. Ataona kodi imepungua na gharama ya fuso ni ndogo. Taarifa itasomwa kwenye mkutano mkuu kwamba zoezi la kuhama lilikwenda vizuri.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Gharama inapomwangukia asiyepanga, anayepanga hana sababu ya kuwa mwangalifu. Wachumi tunaliona jambo hili kwenye mabonde ya umwagiliaji, ambako mkulima wa juu anafungulia maji na shamba la chini linakauka. Kwenye kompyuta ni vivyo hivyo.

Wenzetu wa Uingereza walipata somo hili kwa kiwango kikubwa. Aprili 2018 benki ya TSB ilihamisha taarifa za wateja wake wapatao milioni 5.2 kwenda kwenye mfumo mpya. Taarifa zenyewe zilifika salama, lakini mfumo uliozipokea ulipata hitilafu za kiufundi mara moja. Wateja wapatao milioni 1.9 walijikuta hawawezi kuzifikia akaunti zao, na benki haikurudi kwenye hali ya kawaida hadi Desemba mwaka huo.

Wasimamizi wa mabenki wa nchi hiyo walichunguza, wakakuta kasoro katika upangaji na usimamizi wa zoezi lile. Desemba 2022 wakaitoza benki faini ya pauni milioni 48.65. Kabla ya hapo benki ilikuwa imewalipa wateja fidia ya pauni milioni 32.7. Kule, hasara ya mteja ilirudishwa kwenye vitabu vya aliyeisababisha. Kwetu, ni mwanachama gani wa chama cha msingi amewahi kulipwa fidia kwa sababu kompyuta ilichelewa kuwaka? Kwa kuwa fidia hatuna, kinga yetu ni kupanga.

Msimu ndio utoe tarehe

Kila zao lina miezi ambayo ofisi haitakiwi kuguswa. Mikoa ya kusini, mfumo wa stakabadhi ghalani katika korosho ulianza msimu wa 2007/2008 mkoani Mtwara, ukitokana na sheria ya mwaka 2005. Minada huanza mwezi Oktoba na pilika huendelea hadi mwisho wa mwaka. Katika miezi hiyo kila kilo iliyopimwa kwenye chama cha msingi ni lazima ifuatiliwe kutoka mizani hadi ghala kuu, kutoka ghala hadi mnadani, na kutoka mnadani hadi akaunti ya mkulima. Kuhamisha kompyuta ya chama mwezi Novemba ni sawa na kuezua paa mvua ikinyesha. Kati ya Februari na Aprili nafasi ipo, kabla ya shughuli za salfa kushika kasi.

Kwenye pamba, ununuzi kwa kawaida hufunguliwa mwezi Mei. Chama kilichoko Simiyu, Shinyanga au Mwanza kinachotaka kuhama kisisubiri mwezi huo ukaribie.

Nyanda za Juu Kusini, duka la pembejeo lina kalenda yake. Mvua huanza kwa kawaida mwezi Novemba, na mbolea ya kupandia hununuliwa kabla na wakati wa kupanda, kisha ya kukuzia inafuata. Tangu mpango wa ruzuku uliporejea msimu wa 2022/2023, mkulima ananunua kwa namba yake ya usajili na wakala anaihakiki kwenye mfumo wa TFRA. Duka lisilo na mtandao siku hizo, hata kama stoo imejaa mifuko, halina cha kumuuzia mwenye ruzuku. Juni na Julai, wakati mahindi yanavunwa, ndiyo miezi ya duka hilo kuhama.

Najua jibu nitakalopewa: mwenye nyumba ametoa notisi, tufanyeje? Jibu langu ni kwamba notisi ni jambo la mkataba, na mkataba huandikwa na watu wawili. Chama kinaposaini pango kihakikishe kwamba mkataba hauishii katikati ya msimu wa ununuzi. Kama umeshaishia hapo, ni heri kulipa kodi ya mwezi mmoja au miwili zaidi. Hata mwezi huo ukigharimu shilingi 300,000, ni fedha kidogo mbele ya zile 4,000,000 za riba.

Wala hakuna sheria inayotaka kila kitu kihame siku moja. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifanywa mwaka 1973. Utekelezaji ulipopata msukumo mwaka 2016, Waziri Mkuu alitangulia mwaka huo, Makamu wa Rais akafuata mwaka 2017, na Rais akahamia mwaka 2019. Kama Serikali ilihama kwa awamu, chama cha msingi nacho kinaweza kuanza na meza na makabati, kikaacha kompyuta ya malipo hadi mwisho.

Taarifa zitangulie, mashine zifuate

Wengi wakisikia kuhamisha mfumo wa kompyuta wanafikiria mashine. Mashine inanunulika Kariakoo. Kisichonunulika ni taarifa zilizomo. Kwa hiyo zoezi lianze na taarifa.

Kwanza, ifanyike orodha. Zipo kompyuta ngapi, printa ngapi, ruta, betri za UPS, mizani ya kidijitali na mashine za EFD? Katika kila kompyuta kuna nini, na nani anashika neno la siri? Hapa mambo mengi huibuka. Mara nyingi hugundulika kwamba madeni ya misimu iliyopita yapo kwenye kompyuta moja tu kuukuu, na neno la siri analijua karani aliyeacha kazi.

Wapo watakaosema taarifa zetu ziko kwenye mfumo wa Serikali, hivyo hakuna cha kupotea. Ni kweli kwamba Tume ya Maendeleo ya Ushirika inao mfumo wa MUVU, na minada ya mazao kadhaa sasa inafanyika kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini mfumo wa mtandaoni haukusaidii kama ofisi mpya haina mtandao, na haujui yale ambayo karani hakuwahi kuyaingiza. Kumbukumbu za mizani, mikopo midogo ya ndani na makubaliano na wasafirishaji mara nyingi hubaki ofisini.

Pili, zitengenezwe nakala za akiba. Kanuni inayofuatwa na mafundi ni rahisi: ziwepo nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, na angalau moja ikae mahali pengine kabisa. Nakala na kompyuta visisafiri kwenye gari moja. Fuso likipinduka au likiibiwa, vyote vitakwenda pamoja.

Tusidhani hili ni la vyama vidogo tu. Machi 10, 2021 moto uliteketeza jengo zima la kituo cha kuhifadhi taarifa cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Ilikuwa miongoni mwa kampuni kubwa za kazi hiyo barani Ulaya. Hata hivyo wapo wateja waliopoteza taarifa moja kwa moja, kwa sababu nakala zao za akiba zilikuwa kwenye eneo hilohilo la moto.

Na nakala ijaribiwe. Ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine kabla ya siku ya kuhama, mwanachama mmoja atafutwe humo, deni lake lisomwe. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni kama mbegu ambayo haijajaribiwa kuota. Huwezi kuipanda ekari kumi kwa imani.

Tatu, vitabu vifungwe. Siku moja kabla ya kuhama, ichapishwe orodha ya kila mwanachama na salio lake: akiba, hisa, deni na kilo ambazo hazijalipwa. Orodha hiyo isainiwe na mwenyekiti, meneja na mjumbe mmoja wa kamati ya usimamizi, kisha ibaki kwenye karatasi. Baada ya kuhama ichapishwe nyingine, mbili zilinganishwe mstari kwa mstari. Jumla zikipishana hata kwa shilingi moja, kazi haijaisha.

Hatua hii ya tatu haihitaji fundi wala fedha zaidi ya karatasi na wino. Lakini ndiyo inayomlinda mkulima kuliko zote. Kuhama ni wakati mzuri sana kwa mwenye nia mbaya kusema kumbukumbu zilipotea njiani. Orodha iliyosainiwa inamfunga mdomo.

Jengo jipya lijaribiwe kwanza

Ofisi mpya isihukumiwe kwa rangi yake. Swali la kwanza ni umeme: je, mita ya LUKU inafanya kazi, nyaya zimewekewa ardhi sawasawa, na soketi zinatosha? Radi za masika zimeunguza kompyuta nyingi ambazo zilikuwa hazijapata hata mwaka.

Swali la pili ni mtandao. Ombi la kuunganishiwa lipelekwe wiki nyingi kabla, si siku ya kuhamia, kwa kuwa kufika kwa fundi na kuvuta waya hakutabiriki. Mtandao wa ofisi ya zamani usikatwe hadi wa ofisi mpya uwe umefanya kazi siku kadhaa. Na hata baada ya hapo, iwepo ruta ya laini ya simu kama akiba.

Swali la tatu ni chumba chenyewe. Vyama vyetu vingi huweka kompyuta pembeni ya stoo ya pembejeo. Huo ni uharibifu wa taratibu. Chumvi za mbolea hunyonya unyevu wa hewani na kula chuma, na vumbi la salfa linajulikana kwa kuharibu shaba iliyo ndani ya vifaa vya umeme. Chumba cha kompyuta kiwe mbali na stoo, kisivuje, kipitishe hewa, na panya wasipate njia ya kufikia nyaya.

Siku ya kuhama iwe mwisho wa wiki, kompyuta zizimwe Ijumaa jioni baada ya vitabu kufungwa. Kila waya ubandikwe karatasi yenye jina la mashine yake, na nyuma ya kila mashine pigwe picha kwa simu kabla ya kuchomoa. Kompyuta zifungwe kwa magodoro ya sponji, zisipakiwe juu ya magunia. Ile yenye malipo isafiri ndani ya gari dogo, mtu akiwa ameishikilia, kwa sababu diski za aina ya zamani zina sahani inayozunguka na mtikisiko wa barabara ya vumbi unaweza kuiharibu.

Muhimu zaidi, iwekwe saa ya kurudi nyuma. Kwa mfano, iamuliwe mapema kwamba kama ifikapo Jumapili saa 10 jioni mfumo haujawaka na hesabu hazijalingana, basi Jumatatu huduma zitatolewa kutoka ofisi ya zamani. Kwa hiyo funguo za ofisi ya zamani zisirudishwe kwa mwenyewe siku hiyohiyo. Bila saa hiyo, mafundi wataendelea kusema bado kidogo hadi Ijumaa nyingine.

Mashine kuukuu nazo zisiachwe kwenye jengo la zamani wala kuuzwa kama vyuma chakavu na majina ya watu yakiwa ndani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Namba ya simu, ya kitambulisho na ya akaunti ya mkulima ni taarifa zake binafsi. Diski ifutwe kabisa au ivunjwe.

Mfanyabiashara mdogo naye asijitoe

Mwenye duka lenye kompyuta moja na simu mbili asidhani haya hayamhusu. Yeye ana hatari zaidi kwa kuwa vyote viko kwenye kifaa kimoja. Madeni ya wateja yaliyo kwenye simu au kompyuta yatolewe nakala na yachapishwe kabla ya kuhama.

Zaidi ya hapo, leseni ya biashara hutolewa kwa eneo maalumu, na risiti ya EFD hubeba anwani ya biashara. Halmashauri na TRA wajulishwe mapema ili siku ya kwanza kwenye fremu mpya isiwe siku ya kufungiwa. Namba ya kulipia kwa simu ijaribiwe kwa malipo ya shilingi mia tano kabla mteja wa mfuko wa mbolea hajafika. Na kwenye mlango wa zamani libaki bango lenye namba ya simu na maelekezo ya njia, angalau kwa msimu mmoja.

Maswali ya kupeleka mkutanoni

Kwa mwanachama wa chama cha msingi au SACCOS, ushauri wangu ni huu. Ajenda ya kuhama ofisi ikisomwa kwenye mkutano mkuu, usiridhike na habari za kodi na rangi ya jengo. Simama uulize maswali manne. Tarehe hiyo inaangukia wapi katika msimu wetu? Nakala za kumbukumbu zetu zitakaa wapi, na nani amezijaribu? Orodha ya masalio itasainiwa lini, na itabandikwa wapi tuione? Na mfumo usipowaka Jumatatu, tutahudumiwa wapi?

Meneja aliyejipanga atayajibu yote bila kupepesa macho, na pengine atashukuru kuulizwa mbele ya bodi, kwa kuwa maswali hayo yatampa nguvu ya kuomba fedha za ruta ya akiba au kodi ya mwezi wa ziada. Akishindwa kujibu, mkutano uahirishe tarehe. Hakuna aibu katika kuahirisha kuhama kwa miezi mitatu.

Maofisa ushirika wa wilaya nao walichukulie hili kama sehemu ya kazi yao. Wanakagua mizani na maghala kabla ya msimu kufunguliwa. Wanapopata taarifa kwamba chama kinahama, waombe kuona orodha mbili za masalio, ya kabla na ya baada. Itawachukua asubuhi moja, na msimu ukifunguliwa mkulima atapimiwa mzigo wake kwenye ofisi inayomjua.